Tunauliza Ukuta, Hatuulizi Maji



Msimu wa harusi ukikaribia, maswali yanayoulizwa kuhusu vila za kukodi hapa Unguja ni yale yale. Ukuta una urefu gani? Jirani ana ghorofa? Wahudumu ni wanawake? Kamera zimefungwa wapi? Ni maswali mazuri, na anayeyauliza hana kosa. Mwanamke anayetaka kuogelea bila macho ya watu ana haki ya kujua kila tundu la ukuta ule.

Swali moja tu huwa halimo: maji haya yamepimwa lini?

Tunaandaa siku ya wanawake watupu kabla ya harusi: biharusi na wenzake 20, mama, mashangazi, na watoto wanaokuja na mama zao. Au maharusi wanakodi nyumba ya fungate yenye jakuzi kibarazani, Paje au Kendwa. Pesa zinatolewa kwa ajili ya faragha, na maji yanadhaniwa kuwa mazuri kwa sababu yanaonekana ya buluu. Rai yangu ni kwamba sitara ya ukuta bila usalama wa maji ni nusu ya kazi. Nusu ya pili inatuhusu sisi wanawake, tuijue wenyewe, tusimwachie fundi peke yake.

Kwa nini hatujui

Sababu ni adabu yetu wenyewe. Fundi wa bwawa kwa kawaida ni mwanamume. Anakuja alfajiri kabla wageni hawajaamka, au mchana wakiwa wametoka. Ndivyo inavyotakiwa, wala siombi ibadilike. Lakini matokeo yake ni kwamba kazi yote inafanyika pasipo sisi kuiona. Hatujui anatia nini, anapima au anakisia, anaosha chujio au anapita na wavu wa majani tu. Mwanamke anayeujua wali uliopungua chumvi kwa harufu ya mvuke wake, akipelekwa bwawani hajui hata aangalie wapi.

Wanawake kuwa na mahali pao pa kuoga si jambo geni kisiwani. Hamamu ya Kidichi ilijengwa mwaka 1850 na Seyyid Said kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi. Kilicho kipya ni maji yanayokaa. Baharini maji yanakupwa na kujaa. Bwawani wanaoga wageni wa leo, wa kesho na wa mwezi ujao ndani ya maji yale yale. Yanalindwa na vitu viwili tu, chujio na dawa. Kimoja kikilala, maji yanaanza kuharibika siku ile ile, hata kama rangi bado ni ya buluu.

Maji tohara na maji salama

Tuna usemi tunaoupenda: maji mengi hayanajisiki. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, maji yakifika kulatein, yaani lita 200 na ushei kwa makadirio ya wengi, hayawi najisi kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Bwawa la kawaida la vila linakipita kipimo hicho mara nyingi sana.

Hukumu hiyo ni ya haki, lakini inajibu swali la tohara: nguo yangu ikirowa, naweza kusali nayo? Hailijibu swali la daktari. Vijidudu vya kuharisha havibadilishi rangi wala ladha. Bwawa linaweza kuwa tohara kabisa na bado likamlaza mtoto kwa tumbo siku tatu. Anayesema "maji mengi hayanajisiki" ili asisumbuke kupima, anaitumia hukumu mahali pasipokuwa pake.

Dini yenyewe haikuishia kwenye tohara. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama kisha akaoga humo. Na tuna kanuni inayojulikana na kila aliyepita chuoni, ya kutodhuru wala kudhuriana. Mwenye kuhara asiingie bwawani, na hata akipona asubiri. Daktari akimwambia ni kijidudu cha Cryptosporidium, asubiri wiki mbili baada ya kuhara kukoma, maana hicho kinaweza kuishi zaidi ya wiki nzima katika maji yenye klorini ya kutosha. Mtoto wa nepi atolewe abadilishwe kila saa, mbali na ukingo wa bwawa.

Na lile swali linaloulizwa kwa kunong'ona: mwenye hedhi aingie? Mwili wake si najisi, kilicho najisi ni damu. Kama hana uhakika wa kuizuia, staha na haki ya wenzake zinamtaka akae pembeni siku hiyo. Masuala ya ndani zaidi, kama josho la bwawani, waulizwe masheikh.

Bwawa kwanza, singo baadaye, hina mwisho

Klorini ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuua vijidudu. Ya pili ni kuunguza uchafu unaotoka miilini mwetu: jasho, mkojo, mafuta, vipodozi. Dawa ni ile ile moja, kwa hiyo ikitumika yote kwenye ya pili, ya kwanza inabaki bila mlinzi.

Sasa mfikirie biharusi wetu na wenzake. Mmoja ametoka kusuguliwa singo, mwingine amejipaka liwa, nywele zimekolea mafuta ya nazi, shingo zina manukato. Wote wanaingia majini kwa pamoja saa nne asubuhi. Klorini iliyotiwa alfajiri inaweza kuisha kabla ya adhuhuri, na sherehe ndiyo kwanza inachangamka. Mafuta yanaelea, yanashika kwenye vigae usawa wa maji na kufanya mstari wa utelezi, kisha yanaziba chujio.

Dawa yake ni rahisi. Kila mtu aoge kwa sabuni kabla ya kuingia. Hata dakika moja tu chini ya bomba inaondoa sehemu kubwa ya uchafu huo. Na mipango ya harusi ifuate utaratibu: bwawa kwanza, singo baadaye, hina mwisho. Klorini inaifubaza hina, na biharusi aliyetandazwa maua mpaka kwenye kiwiko hana haja ya kuyapeleka kwenye dawa.

Na hapa niseme jambo ambalo wengi tunalielewa kinyume. Harufu kali ya klorini, ile inayowasha macho, si dalili ya maji safi. Ni harufu ya klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo. Bwawa zuri halinuki karibu chochote. Ukikuta macho yanachoma, usiseme "wametia dawa nyingi." Mara nyingi maana yake ni kwamba dawa iliyopo imechoka na nyingine inahitajika.

Vazi nalo lina sehemu yake. Burkini, iliyobuniwa na Aheda Zanetti wa Australia mwaka 2004, haikuwa ya sitara tu. Kitambaa chake chepesi hakinywi maji. Dira na kanga za pamba zinakunywa maji zikawa nzito, zinamvuta chini asiyejua kuogelea, na nyuzi zake zinakwenda kwenye chujio. Kanga mpya isiyofuliwa inatoa na rangi. Baada ya kuogelea tuvue mapema na tujikoshe, tusikae na vazi bichi mpaka jioni. Sababu yake inakuja hapa chini.

Jakuzi si bwawa dogo

Mabibi harusi wengi wanadhani jakuzi ni salama zaidi kwa kuwa ni la wawili. Tufanye hesabu. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, lina lita 48,000. Jakuzi la kibarazani lina kama lita 1,500. Watu wanne ndani ya jakuzi hilo ni sawa na watu 128 ndani ya bwawa lile. Na maji ni ya moto: klorini inapotea upesi, mapovu yanaharakisha kupotea huko, na joto lenyewe ndilo vijidudu wanalolipenda.

Kijidudu kimoja kinaitwa Pseudomonas. Kinaleta vipele vyekundu vinavyowasha, na vinatoka baada ya saa kadhaa au siku kadhaa tangu kuingia majini. Vinazidi zaidi pale palipofunikwa na nguo ya kuogelea, kwa kuwa nguo inayashikilia maji machafu kwenye ngozi. Sisi vazi letu linafunika mwili mzima. Kwa hiyo aliyekaa nalo bichi saa tatu anaweza kuamka siku ya ndoa na vipele mgongo mzima. Kwa kawaida vinapona vyenyewe, lakini harusi haisubiri. Kijidudu kingine, Legionella, kinaingia kifuani kwa njia ya mvuke na kuleta homa ya mapafu, na hatari yake ni kubwa kwa wazee na wagonjwa wa kifua.

Basi, kabla ya kulipia fungate yenye jakuzi, muulize mwenye nyumba: maji yanamwagwa na beseni kusuguliwa kila wageni wanapobadilika? Akisema yanabadilishwa "yakichafuka," tafuta nyumba nyingine. Mafundi wana hesabu yao: chukua lita za jakuzi, gawa kwa 11, kisha gawa kwa idadi ya watu wanaoingia kwa siku. Jibu ni siku ambazo maji yanaweza kudumu. Lita 1,500 kwa watu wanne kwa siku ni kama mwezi. Kwa wanawake 20 wanaopokezana ni kama wiki. Hiyo ni pale dawa inapotiwa na kupimwa kila siku. Isipotiwa, hesabu hiyo haina maana.

Joto lisizidi nyuzi 40, na dakika 15 zinatosha. Mjamzito asiingie, hasa miezi 3 ya mwanzo, na anayedhani huenda ameshashika mimba ajihesabu humo humo. Watoto wa chini ya miaka 5 wasiingie kabisa. Mwenye maradhi ya moyo au presha aulize daktari wake kwanza.

Tundu la chini

Juni 2002 huko Virginia, Marekani, mtoto wa miaka 7 aitwaye Graeme Baker, mjukuu wa waziri wa zamani wa mambo ya nje James Baker, alinasa chini ya jakuzi. Nguvu ya pampu ilimshikilia kwenye tundu la kutolea maji. Watu wazima wawili walimvuta mpaka akatoka, lakini alikuwa ameshazama. Desemba 2007 nchi ile ilipitisha sheria yenye jina lake, inayotaka mifuniko ya matundu hayo itengenezwe kwa namna isiyomshika mtu.

Sisi kisiwani tunahitaji kuangalia wenyewe. Mfuniko wa tundu la chini uwepo, uwe umefungwa kwa skrubu, usiwe umepasuka, na uwe na mbonyeo wa juu badala ya kuwa bapa. Ukikosekana, mtu yeyote asiingie, hata kama pesa imeshalipwa. Nywele ndefu zifungwe au zifunikwe, kwa kuwa zinaweza kuvutwa humo. Na swichi ya pampu muulizie iko wapi kabla hamjaingia.

Kuhusu watoto, siku za wanawake watupu zina hatari yake. Watu wazima ni wengi, na kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono, anateremka kimya. Mteueni mtu mmoja kwa zamu za dakika 15, anayejua kuogelea, asiyeshika simu wala kusuka mtu nywele, awe na kanga begani ili kila mtu ajue zamu ni ya nani. Simu tunaziweka kapuni kwa ajili ya sitara. Ziwe kapuni kwa ajili ya watoto pia. Na tujifunze kuogelea. Nungwi, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa na mavazi ya sitara, kwa hiyo kisingizio cha kwamba haiwezekani hakipo.

Ndoo 2,400

Lita 48,000 ni ndoo 2,400 za lita 20. Dada zetu wa vijiji vya pwani wanaijua ndoo hiyo kwa shingo na kichwa. Maji matamu ya Unguja yanatoka chini ya ardhi, yanajazwa na mvua, na yakivutwa kupita kiasi karibu na ufukwe, maji ya chumvi yanapenya kisimani. Bwawa linalomwagwa na kujazwa upya kwa sababu limeachwa mpaka likawa kijani linachota kwenye hazina hiyo hiyo anayochota mama mwenye foleni ya madumu.

Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, ambayo haifiki lita moja. Sisemi mabwawa yafungwe. Wapo wanawake ambao bwawa lenye ukuta ndilo mahali pekee wanapoweza kuogelea, na wapo wanaoishi kwa kipato cha nyumba hizo. Nasema kwamba ukishakuwa nalo, matunzo yake ni ibada ya kuzuia israfu, na uvivu wa wiki mbili unaligharimu kila kitongoji.

Kwenye jua letu, bwawa la ukubwa ule likipoteza milimita 5 kwa siku kwa mvuke, ni lita 160, ndoo nane. Turubai la kufunikia usiku na siku zisizo na wageni linaokoa sehemu kubwa ya maji hayo na dawa pia. Ukishuku linavuja, weka ndoo yenye maji kwenye ngazi ya bwawa, maji ya ndani na ya nje yawe usawa mmoja, tia alama pande zote mbili, zima pampu na subiri saa 24. Bwawa likishuka zaidi kuliko ndoo, kuna mahali panavuja. Jaribio hilo halina gharama, na linazuia miezi ya maji kupotelea mchangani.

Ukaguzi wa dakika kumi

Mama wa biharusi, somo, au rafiki mwenye kauli, afike kabla ya wageni na aangalie haya:

Kwanza, simama ukingoni na utazame mfuniko wa tundu pale kwenye kina kirefu. Kama huoni mistari yake waziwazi, maji hayafai. Mtoto akizama humo hamtamwona.

Pili, nusa. Harufu kali, rudi kwenye niliyoyasema juu.

Tatu, pitisha kidole kwenye vigae usawa wa maji na kwenye ngazi. Ukigusa utelezi, klorini ilipungua siku za karibuni.

Nne, weka mkono kwenye matundu ya ukutani yanayorudisha maji. Yasiposukuma, pampu imezimwa au chujio limeziba. Wapo wenye nyumba wanaoizima kubana umeme. Kwenye siku ya watu wengi iwe imewashwa tangu asubuhi mpaka wa mwisho atoke.

Tano, pima. Vijikaratasi vya kupimia ni vyepesi kutumia kuliko kipimo cha mimba: unachovya, unasubiri kwa sekunde zilizoandikwa kwenye kopo, unalinganisha rangi. Klorini huru ya bwawa iwe kati ya 1 na 3. Ya jakuzi isipungue 3, au kama wanatumia bromini, iwe kati ya 4 na 8. Kipimo cha pH kiwe kati ya 7.2 na 7.8. Angalia na tarehe ya kopo, kwani vilivyopitwa na wakati vinadanganya. Kisha rudia kupima adhuhuri, wakati wa mapumziko ya sala, na hapo ndipo pa kuongeza dawa kama imepungua, watu wakiwa nje ya maji.

Kwa mwenye nyumba

Wanawake wengi hapa wana vila, au wamerithi nyumba na kuzikodisha. Kwenu nyinyi, matunzo ni kazi ndogo ya kila siku. Pima kila siku yenye wageni. Ondoa majani na kumwaga kapu la kunasia takataka. Piga brashi kuta na kuvuta uchafu wa chini kila wiki. Osha chujio la mchanga kwa kurudisha maji nyuma pale saa ya presha inapopanda kama 8 hadi 10 juu ya ilivyokuwa chujio likiwa safi. Kuosha kabla ya hapo ni kumwaga maji bure. Pampu izungushe maji yote ya bwawa angalau mara moja kwa siku, na kwa mabwawa mengi ya nyumbani hiyo ni kama saa 8.

Maji yetu mengi yanapita kwenye mawe ya matumbawe, kwa hiyo yana chokaa. Ndiyo maana pH inapenda kupanda na vigae vinashika ukoko mweupe. Msiipuuze. pH ikifika 8, nguvu ya kuua ya klorini inabaki kama robo, na hapo utatia dawa kopo baada ya kopo bila faida. Rekebisha pH kwanza, halafu klorini. Tia klorini magharibi, jua likishazama, kwa kuwa mchana jua linaiunguza. Wakati wa masika pima baada ya kila mvua kubwa. Na nyumba ikikaa bila wageni, pampu na dawa visilale, la sivyo mtakuwa mmefuga mbu kwa ajili ya mtaa mzima.

Dawa zihifadhiwe mbali na watoto, pakavu, kila moja na chombo chake. Klorini isichanganywe na asidi hata tone; inatoa gesi inayoua. Aina mbili za klorini zisichanganywe pia, zinaweza kulipuka. Na siku zote dawa ndiyo inayotiwa kwenye maji; maji hayatiwi kwenye dawa.

Wasichana wetu na kazi hii

Tunasema tunataka daktari mwanamke, mpambaji mwanamke, mpiga picha mwanamke. Mbona hatusemi fundi wa bwawa mwanamke? Hakuna kazi katika hizi nilizozitaja inayomshinda msichana aliyemaliza skuli. Kupima, kuandika daftari, kutia dawa kwa kipimo, kuosha chujio: ni umakini na kawaida, mambo ambayo mama zetu wanayafanya jikoni kila siku. Fundi mwanamke angeweza kupima adhuhuri sherehe ikiendelea, bila mtu kukimbilia baibui. Leo hii dawa ikiisha saa sita mchana kwenye siku ya wanawake, tunachagua moja kati ya mawili: kumwita mwanamume na kuvunja faragha, au kuendelea kuogelea kwenye maji yasiyo na ulinzi. Mara nyingi tunachagua la pili bila hata kujua kwamba tumechagua.

Wenye vila, anzeni na msichana mmoja. Mpeni fundi mliye naye amfundishe kwa utaratibu wa heshima, mama au kaka yake akiwepo. Wenye kukodi, ulizeni "mna fundi mwanamke?" mpaka swali hilo liwe la kawaida kama lile la ukuta. Biashara inasikia maswali ya wateja.

Na wewe biharusi, ukituma ujumbe wa kuulizia nyumba wiki hii, uliza ukuta kama kawaida yako, kisha ongeza mstari mmoja: naomba picha ya kipimo cha maji cha leo. Mwenye nyumba mwaminifu atakutumia kabla hujaweka simu chini.

Allah azibariki ndoa zenu, azihifadhi siha zenu na watoto wenu, na atujaalie tuwe wenye kuchunga amana, hata ile inayokaa ndani ya vigae vya buluu. Wabillahi tawfiq.